Chai Ambayo Mzee Dubow Hakuinywa

Wanangu, kabla sijawaambia lolote kuhusu darubini au mashine, wekeni hili kichwani: Garissa, chai si chakula. Mwulize mtu aliyekuja kupimwa sukari asubuhi kama amekula, naye atakuapia kwa Mungu kwamba hajatia kitu kinywani tangu jana, na hasemi uongo. Kisha mwulize habari ya chai, atakushangaa. "Chai nimekunywa, Mama. Fikombe fiwili tu." Na chai yenyewe ni ya maziwa ya ngamia, imetiwa sukari mpaka kijiko kinasimama wima. Ndiyo maana wote waliopita mikononi mwangu niliwafundisha maswali matatu, wayaulize hata kama mgonjwa ana shahada ya chuo kikuu: Umekula? Umekunywa? Umetafuna? Hilo la tatu ni la miraa, kwa sababu anayetafuna lazima awe na soda kando, na soda nayo si chakula.

Mimi ni Kavutha, mtu wa maabara mstaafu. Nilitoka Mwingi nikiwa msichana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, nikavuka daraja la Tana nikiwa na hakika kwamba baada ya mwaka mmoja nitaomba uhamisho. Niliuomba mara nne wakanikatalia. Siku walipoukubali bila mimi kuomba, nilikwenda ofisini nikalia wanirudishe. Watu wa Garissa waliniita Mama Dhiig, yaani mama wa damu, na watoto wakiniona sokoni walificha mikono mgongoni.

Wiki yangu ya kwanza niliaibika vizuri. Mzee mmoja alisimama dirishani akaniambia anataka bima. Nikamwelekeza kwa heshima zote kwamba bima iko mjini, jengo la ghorofa, karibu na benki. Akaenda. Saa saba akarudi, jasho limemlowesha kanzu, akasema watu wa bima wamemrudisha kwangu. Nikamrudisha kwao. Alipokuja mara ya tatu, mkuu wangu akatoka ndani akicheka hadi anashika ukuta.

"Kafutha! Mzee anataka kubima damu! Kubima! Wewe unambeleka wabi?"

Huyo ndiye Mwalimu Osman, aliyenilea kikazi. Alikuwa mwenyeji wa kaskazini zaidi, mzaliwa wa Tarbaj, mrefu, mwembamba, na alijifunza kazi hii enzi za darubini za kutumia mwanga wa jua, ambapo wingu likipita mnasubiri lipite ndipo muendelee na malaria. Alinifundisha kupaka damu kwenye kioo kwa mkono mwepesi, "kama unabangusa mtoto uso." Alinifundisha kumtazama mgonjwa macho na kucha kabla ya kumtafuta mshipa. Mashine hakuzichukia, ila hakuziogopa. "Mashine haina macho," alikuwa akisema, "ina mdomo tu." Alistaafu miaka mingi kabla yangu, lakini nadhani barua haikumfikia, kwa sababu kila asubuhi alikuja na chupa yake ya chai, akaketi kwenye darubini ya dirishani, akasoma slaidi ambazo hakuna aliyemwomba azisome.

Sasa basi, miaka yangu ya mwisho kazini tukaletewa mashine ya kipimo cha miezi mitatu. Nyinyi mmeikuta, hamwezi kujua tulivyofurahi. Sukari iliyo kwenye damu hujibandika kwenye seli nyekundu, na seli nyekundu huishi kama miezi minne hivi. Mashine inatazama ni kiasi gani kimejibandika, halafu inakwambia sukari ya mtu imekuwaje kwa miezi mitatu iliyopita. Haijali kama mgonjwa amekunywa chai asubuhi hiyo au hakunywa. Mimi, niliyekuwa nimebishana na chai ya watu miaka yote hiyo, niliona nimekombolewa. Nilianza kukidharau kile kipimo cha kidole, nikakiita kipimo cha kifungua kinywa.

Osman aliizunguka mashine mara mbili kama mtu anayenunua ngamia. Akauliza swali moja tu: "Hii inajuaje damu ina umri gani?"

Nikacheka. Nikamwambia, Mwalimu, hii ni ya kisasa, pumzika unywe chai. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikulisikia la mkuu, na guu karibu livunjike, ila halikuwa langu.

Guu lilikuwa la Mzee Dubow, mfanyabiashara wa ngamia. Alikuwa akiwanunua upande wa Hulugho na kuwaleta soko la mifugo la Garissa, na sehemu kubwa ya njia hiyo alitembea mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na ngamia wake. Ndevu zake alizipaka hina, fimbo yake ilikuwa imeng'aa kwa kushikwa, na alizungumza taratibu kama mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Aliyemleta kwetu ni bintiye Halima, mwalimu wa shule ya msingi. Baba alikuwa anakunywa maji kama ngamia zake, anaamka mara sita kwenda haja ndogo, na alipokojoa porini sisimizi walikusanyika. Wanangu, sisimizi wakishapima, wewe nani ubishe?

Mimi nilibisha. Nilimchoma kidole, kipimo kikasoma kumi na tatu, ambayo ni juu sana kwa mtu mwenye njaa. Nikamwuliza maswali yangu matatu. La pili akalijibu, chai amekunywa. Nikatabasamu, nikaipa mashine damu yake, ikatoa asilimia tano nukta tisa, ambayo haina ubaya wa kutisha. Nikaandika "Nzuri" kwenye karatasi, nikapiga mhuri. Baada ya miezi mitatu alirudi. Kidole kikasema kumi na nne, mashine ikasema tano nukta nane. Chai tena. Nikaandika "Nzuri sana" na mhuri nikaugonga mpaka meza ikatikisika. Mzee aliipenda karatasi hiyo. Aliifunika kwa plastiki, akawa anawaonyesha wenzake sokoni kwamba daktari wa damu, mwanamke Mkamba mkali, amesema yeye ni mzima.

Ramadhani ikaingia. Mgonjwa wa sukari ana ruhusa ya kutofunga, masheikh wenyewe husema hivyo, lakini Mzee Dubow hakuwa mgonjwa, alikuwa na mhuri wangu. Akafunga. Kufika kumi la pili la mwezi Halima akamwona anayumba, akamleta saa nne asubuhi. Kuchomwa kidole hakukuwa na tatizo, Osman alikwisha kumwendea sheikh zamani na jibu tulilibandika ukutani: tone la damu halivunji saumu. Nikamchoma. Kumi na sita.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo kosa langu na sitalipaka sukari. Jokofu lilikuwa limeharibika siku hiyo, watu wamejaa ukumbini, nami nilikuwa na kichwa kinachogonga. Nikaitazama kumi na sita, nikaikumbuka ile "Nzuri sana" yangu, nikaona jibu ni moja tu. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu zaidi ya ishirini, katikati ya Ramadhani, mimi Mkristo kutoka Mwingi:

"Mzee, wewe umekunywa chai."

Watu wote waligeuka kumtazama mzee.

"Mama Kafutha," akasema, "mimi nimefunga."

"Mashine inasema miezi yako mizuri, kidole kinasema asubuhi yako mbaya. Hapo katikati kuna chai."

Niliona nimesema maneno ya akili. Mpaka leo nikiyakumbuka masikio yanawaka. Mzee alisimama, akachukua fimbo yake, akaniangalia, akasema, "Allah anajua," akatoka. Halima alibaki kidogo. "Mama, nilikula daku na yeye," akaniambia. "Tangu alfajiri tuko pamoja. Hajanywa hata maji." Mimi nikaita namba inayofuata.

Hakurudi. Wiki tatu baada ya Idd, wanawe walimleta wamembeba. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepenya ndala yake akiwa njiani na ngamia, akatembea nao siku mbili bila kuusikia. Ukisikia mtu ametembea siku mbili na mwiba mguuni bila maumivu, usimsifu kwa ushujaa, mpime sukari. Kidonda kilikuwa chini ya unyayo, kimeanza kunuka. Daktari kijana aliyekuwa zamu alisema kikipanda zaidi, mguu utakatwa chini ya goti. Akauliza kama mgonjwa ana sukari. Mzee, aliyekuwa na homa kali, akaingiza mkono kwenye kanzu akatoa karatasi yangu yenye plastiki. Daktari akaisoma, akauona mhuri, akasema basi si kidonda cha sukari. Akamwandikia dawa za kidonda, na ndani yake mkawa na vidonge vya salfa.

Siku ya tatu Halima alikuja dirishani kwetu na chupa mkononi. "Mama, huu ni mkojo wa baba. Umekuwa rangi ya turungi." Na kweli, ungeumwaga kikombeni mtu angeuliza maziwa yako wapi. Macho ya mzee nayo yalikuwa ya manjano.

Mimi niliwaza ini. Osman hakuwaza kitu, alitazama. Alipaka damu ya mzee kwenye kioo, akaiweka chini ya darubini yake ya dirishani, akaisoma hadi chai yake ikapoa. Osman kuacha chai ipoe si jambo dogo.

"Kafutha, njoo uone. Hii damu yote ni fijana. Wazee wamekwenda wabi?"

Nikainama nikatazama. Alikuwa amesema kweli. Seli nyingi zilikuwa kubwa kubwa, zina rangi ya kibuluu, zile changa ambazo mwili huzitoa haraka unapozika nyingine kwa wingi. Damu ya mtu mzima ina mchanganyiko kama mji, wazee na vijana. Hii ilikuwa kama bweni la shule.

Osman akamgeukia Halima. Hakumwuliza habari ya ini. Alimwuliza mzee huwa anakunywa dawa gani akiwa nyumbani. Halima akasema baba alikuwa anatokwa na majipu mara kwa mara, na kila mara alijinunulia vidonge vyeupe dukani, vile vya salfa, na ni kweli kwamba akishavinywa huchoka na macho yake hubadilika, lakini huwa yanapita.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, nikavuta kiti nikakaa.

Niwaeleze kama nilivyoelezwa. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Kimeng'enya hicho huilinda seli nyekundu isivunjike inapopata msukosuko. Mwenye upungufu anaweza kuishi miaka yote bila kujua, kisha anywe dawa fulani, kama hizo salfa, au apate homa kali, na seli zake zikavunjika kwa maelfu, mkojo ukawa turungi. Upungufu huo umeenea zaidi kwenye nchi za malaria, na sababu yake inafurahisha: vimelea vya malaria havistawi vizuri kwenye seli za namna hiyo. Zamani, mbu walipovamia, wenye upungufu walipona wakati wenzao wanazikwa, wakazaa, wakaurithisha. Kwa hiyo si laana. Ni ngao yenye tundu.

Tundu lenyewe, kwetu sisi wa maabara, ni hili. Kama seli za mtu zinakufa mapema, hazikai kwenye damu muda wa kutosha kubandikwa sukari. Kuziuliza sukari ya miezi mitatu ni kama kumwuliza mgeni aliyefika jana habari za arusi ya mwezi uliopita. Atakujibu kwa uaminifu kwamba hakuona kitu. Mashine yangu haikukosea kusoma, na damu ya mzee haikudanganya. Aliyesema uongo, kwa kujiamini na kwa mhuri, ni mimi. Kidole kilikuwa kinasema kweli tangu siku ya kwanza, pamoja na sisimizi.

Nilikimbia wodini, na mimi si mtu wa kukimbia. Salfa zikasimamishwa siku hiyo hiyo, daktari akampigia simu mtaalamu, mzee akaongezewa maji na damu, na tukaanza kumchoma kidole mara nne kwa siku bila kuiangalia mashine kabisa. Kumi na nane. Ishirini na moja. Ilikuwa sukari kamili, ya muda mrefu. Akaanzishwa insulini jioni ile. Kuhusu mguu, daktari alituambia ukweli: wiki mbili, sukari ikishuka kidonda kikafunga, utabaki, isiposhuka ataukata.

Usiku ule nilimwomba Mungu kuhusu mguu wa Mwislamu mmoja, nikamwomba asiangalie dini ya mwombaji.

Asubuhi nilikwenda kitandani kwake. Nikafunga mlango wa wodi, nikasema, "Mzee, nilikukosea. Hukunywa chai. Nisamehe."

Akauliza, "Ulinitukana wabi?"

"Kule ukumbini."

"Basi hapa mimi sisikii. Hii sikio langu ni ya ukumbini." Akajigeuza akatazama ukuta. Kisha akasema bila kugeuka, "Nitakuja huko kwa miguu yangu, miwili, nisikie. Mungu akibenda."

Osman, niliyemsimulia, alicheka hadi akakohoa. Akasema mzee ana haki. Tusi lililotolewa mbele ya watu haliwezi kuombewa msamaha nyuma ya pazia. Kwa hiyo nikawa nimefungwa kwenye mguu ule kama yeye mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kuvaa koti nilipita wodini kuuliza kidonda kimesemaje. Manesi wakaanza kunitania kwamba nimeposwa.

Katika siku hizo nilikuwa na haraka ya kitu kimoja: kutuma damu Nairobi ikapimwe hicho kimeng'enya, niwe na jibu mkononi. Osman alinishika mkono. Hili liandikeni, kwa sababu hata wasomi hulisahau. Mtu anapotoka tu kuvunja damu, seli dhaifu zimekufa zote, zimebaki zile changa, na changa zina kimeng'enya cha kutosha. Ukipima wakati huo utaambiwa hana upungufu, na utamrudisha nyumbani na karatasi nyingine ya "Nzuri". "Ngoja fijana wazeeke," Osman akasema. Tukangoja karibu miezi mitatu.

Lakini kuuliza si lazima ungoje. Nilimwambia mzee kwamba jambo hili hurithiwa, nikataka anitajie ukoo wake ili tujue nani mwingine wa kuonywa. Wanangu, nilijitafutia. Msomali wa kweli anajua baba zake mmoja baada ya mwingine, wanaita abtirsi, na mtoto mdogo hufundishwa kabla ya kusoma. Mzee akainuka kwenye mto, uso ukanawiri kwa mara ya kwanza tangu aje. Dubow mwana wa fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani. Nikaandika. Alipofika baba wa ishirini nilikuwa nimegeuza karatasi, naye bado ana pumzi.

Osman alikuwa mlangoni. "Kafutha, hizo baba zote hazikusaidii. Hii kitu kwa mwanamume haibiti kwa baba. Inabita kwa hooyo, kwa mama."

Ni kweli, nami nilikuwa nimeisoma chuoni nikaisahau. Mwanamume huupata upungufu huu kwa mama yake. Yeye hawarithishi wanawe wa kiume, huwarithisha mabinti, na mabinti huweza kuwapa wana wao. Kwa hiyo nikayatupa majina ishirini ya heshima, nikaanza upya. "Mama yako, Mzee?"

"Batula."

"Na mama yake Batula?"

Mtu aliyetoka kutaja wanaume ishirini bila kukosea akatazama dirishani. "Sijui," akasema. Nikataka kusisitiza, Osman akanikonyeza niache. Kule korido Halima alinieleza kwa sauti ya chini kwamba nyumbani jina hilo halitajwi, na hajui kwa nini. Alikuwa na wana wawili yeye mwenyewe, na macho yake yalikuwa juu ya daftari langu.

Wiki ya kwanza sukari ilipanda ikashuka kama mbuzi kwenye jiwe. Kidole kidogo cha mguu kilikuwa kimekwisha kufa, wakakiondoa. Wiki ya pili sukari ikakaa. Siku ya kumi na tatu nesi aliondoa bandeji akaniita, nikaona nyama nyekundu, safi, inachipuka pembeni mwa kidonda. Nilipiga vigelegele wodini, mwanamke wa umri wangu, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka akauliza kama ni Idd.

Jibu la Nairobi lilipokuja, baadaye, lilisema tulichojua: upungufu. Nikampelekea ujumbe Halima. Nikaambiwa baba atakuja mwenyewe.

Alikuja Jumatatu, siku ya watu wengi. Nilimwona tangu getini. Alikuwa na viatu vipya vya kufunika vidole, vile tulivyomlazimisha, ambavyo alivichukia, na fimbo yake, na alitembea taratibu, lakini ni miguu miwili iliyokuwa inatembea. Nilitoka nyuma ya dirisha, nikaenda katikati ya ukumbi. Watu wakanipisha, maana Garissa ni mji mdogo na habari ile kila mtu alikuwa nayo.

Nikasema, "Mzee Dubow, hapa hapa nilisema ulikunywa chai ukiwa umefunga. Hukunywa. Mimi ndiye niliyekosa, na karatasi zangu karibu zikuondolee mguu. Naomba unisamehe mbele ya hawa wote."

Alikohoa. "Nimesikia," akasema. "Hii sikio sasa imefunguka. Nimekusamehe, Mama Kafutha, dunia na akhera." Watu wakaanza kucheka na kusema mashallah, lakini akainua fimbo kidogo wakatulia. "Na mimi nina yangu. Huyu mama aliniuliza, mama ya mama yako nani? Nikasema sijui. Nilikuwa nasema uongo. Ayeeyo yangu, nyanya yangu huyo, jina lake Hawa. Hakuwa na ngamia hata moja. Alikuwa analima ndizi huko mtoni, kwa mbu, babu akamwoa, akahama na yeye, na sisi watu wa ngamia tukaona haya kumtaja. Malaria iliua watu wa huko, yeye ikamwacha. Kwa sababu ya hiyo damu. Mimi nimekaa hapa kwa sababu ya hiyo damu, na nilikuwa naona haya."

Halima alikuwa amejifunika uso kwa shungi. Mimi nilikuwa natafuta leso mfukoni, siipati.

Karibu na mlango alikuwa ameketi mama mmoja muuza ndizi, mtu wa mtoni, aliyekuwa na homa na anangoja zamu yake, kikapu kikiwa miguuni. Alikuwa amemkazia macho mzee.

"Hawa yupi?" akauliza. "Yule aliyeolewa na mtu wa ngamia, wakaondoka naye wakati wa kiangazi kikubwa, asirudi?"

"Huyo," akasema Mzee Dubow.

"Nyanya yangu alikuwa mdogo wake. Alikufa akimwita."

Yule mama aliinuka, akakiacha kikapu chake pale pale, akapita katikati ya watu hadi mezani kwangu, akaketi, akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko.

"Nilikuja kupimwa malaria," akaniambia. "Sasa nipime na hiyo ya Hawa."